Duvet Maanake ni Nini? Neno Unalotumia Kila Siku na Vile Linaweza Kukulia Doh

Wacha tuanze na swali rahisi. Hiyo kitu nene, nyepesi, ya maua maua, iko juu ya kitanda chako sahii, unaiita nini?

Kama uko Kenya jibu ni moja tu: duvet. Mathe anaiita duvet. Muuzaji wa Eastleigh anaiita duvet. Yule msee anatembeza mali mtaani akiwa amebeba tano kwa bega anapiga kelele duvet. Hata wewe ukihama keja, kitu cha kwanza kuingia kwa gunia ni duvet.

Shida inaanza ukibeba neno hilo ukaingia nalo kwa duka la ng'ambo mtandaoni. Unaandika "duvet", unaona picha safi ya kitanda cha hoteli, bei ni ya kutupa, unalipa haraka kabla ziishe. Wiki tatu baadaye unaletewa pasel ndogo ajabu. Ukifungua unapata mfuko mkubwa wa kitambaa, hauna kitu ndani. Unasema umeibiwa. Lakini ukirudi kwa tangazo ulisome polepole, limeandikwa "duvet cover". Muuzaji alikuletea kile alisema atakuletea. Mlikuwa tu mnatumia neno moja kwa vitu viwili.

Kwa hivyo leo tuchambue hili neno kutoka mwanzo: linamaanisha nini, limetoka wapi, linatamkwaje, na la muhimu zaidi, usome nini kwa lebo kabla ya kutoa pesa.

Maana ya duvet kwa Kiingereza

Kwa Kiingereza cha Uingereza, duvet ni kifuniko cha kitanda kilichojazwa kitu laini ndani: manyoya ya ndege, pamba, sufi ya kondoo, au nyuzi za kutengenezwa kiwandani. Mara nyingi huwa cheupe, hakina maua wala mapambo. Ukikiona peke yake ni kama mto mkubwa uliolaliwa na lori.

Hicho cheupe hakikai uchi. Kinaingizwa ndani ya mfuko wa kitambaa wenye zipu au vifungo upande mmoja. Mfuko huo ndio unaitwa duvet cover, na ndio unakuwa na rangi na maua. Fikiria mto na foronya: duvet ni mto, duvet cover ni foronya yake. Foronya ikichafuka unaivua unaosha, mto unabaki ukingoja.

Kitu kingine ambacho wengi hawajui ni kwamba kule wanaotumia duvet, hasa Ulaya, wengi hawana shuka ya juu wala blanketi. Wanatandika shuka moja ya chini, wanajifunika duvet, basi. Duvet ilikuja kufuta hiyo kazi yote ya shuka ya juu, blanketi mbili na bedcover.

Neno lenyewe limetoka wapi?

Duvet ni Kifaransa. Maana yake ya kwanza haina uhusiano na kitanda: ni yale manyoya laini sana ya ndege, yale yako chini ya manyoya makubwa, yanayofanya kifaranga aonekane kama mpira wa pamba. Wafaransa nao walilipata kutoka lugha ya zamani ya watu wa kaskazini mwa Ulaya, ambao manyoya hayo waliyaita "dúnn". Neno hilo hilo ndilo limezaa "down" ya Kiingereza, ile unaona kwa lebo za jaketi za baridi. Kwa hivyo duvet na down ni ndugu wa ukoo mmoja.

Mbona watu wa kaskazini? Kwa sababu huko baridi si mchezo, na huko ndiko anaishi bata mmoja wa baharini anayeitwa eider. Jike wa bata huyu hujinyofoa manyoya laini ya kifuani anatandika kiota chake ili mayai yasipate baridi. Watu wa sehemu kama Iceland wamekuwa wakikusanya manyoya hayo kwa viota tangu zamani. Ni mepesi, yana joto kali, na bei yake ni noma mpaka leo.

Neno likaingia Kiingereza katikati ya miaka ya 1700. Na ujue matangazo ya uongo uongo hayakuanzia Instagram. Mwaka wa 1759 Samuel Johnson, yule jamaa aliyeandika kamusi maarufu ya Kiingereza, aliandika makala ya kuchekelea matangazo ya biashara ya wakati wake. Moja ya matangazo aliyoyataja lilikuwa la kuuza duvet, na muuzaji alikuwa amejigamba vile zina joto kushinda blanketi kadhaa zikiwekwa pamoja na bado ni nyepesi. Zaidi ya miaka 260 baadaye, nenda kwa ukurasa wowote wa kuuza matandiko uone kama maneno yamebadilika.

Lakini Waingereza wa kawaida waliendelea na blanketi zao kwa muda mrefu sana. Duvet ilianza kushika kwao miaka ya 1960, pale Terence Conran alipofungua duka lake la Habitat jijini London mwaka wa 1964 na kuanza kuziuza. Ujumbe wa kuuzia ulikuwa rahisi: kitanda kinatandikwa kwa sekunde 10. Unakung'uta, unaachilia, umemaliza. Watu wakanunua.

Cha kuchekesha ni kwamba ukienda Ufaransa leo uulize duvet, unaweza kuonyeshwa ule mfuko wa kulalia wa watu wa kupanda milima. Kile kifuniko cha kitanda wao wanakiita "couette". Yaani neno walilipa jirani, jirani akalitumia vingine, na wenyewe wakaendelea na mambo yao.

Sasa duvet ya Kenya ni nini?

Hapa ndipo rada yenyewe iko. Ile kitu inauzwa Kenya kwa jina la duvet kawaida ni kitu kimoja kilichoshonwa kikaisha. Kitambaa cha maua juu, kitambaa chini, nyuzi za poliesta katikati, halafu mishono imepita juu yake kwa mistari au maumbo ili vya ndani visihame. Haina mfuko wa kuvua. Mara nyingi inakuja kama seti: duvet moja, shuka moja na foronya mbili za rangi hiyo hiyo. Kuna ile ya kitambaa pande zote, na kuna ile ya upande mmoja kitambaa na upande wa pili manyoya manyoya, ambayo watu wa sehemu za baridi wanaipenda sana.

Kitu kama hicho, Mmarekani hatakiita duvet. Atakiita "comforter". Kwa Marekani comforter ni kifuniko kilichojazwa, kikashonwa, kikarembwa, tayari kwa kitanda bila mfuko. Duvet kwao ni ile nyeupe ya kuingizwa kwa mfuko.

Kwa hivyo je, Wakenya tumekosea? Hapana. Maneno huhama na kubadilika, hata Wafaransa tumewaona. Duvet kwa Kiingereza cha Kenya ni neno kamili na kila mtu analielewa. Na tusisahau, ndani ya hiyo yako ya maua hakuna hata unyoya mmoja wa bata, kwa hivyo ukienda na maana ya kwanza kabisa ya neno, hata Waingereza wengi wanaolala chini ya poliesta hawana duvet. Kitu cha kukumbuka ni kwamba ukinunua kutoka nje, unasoma kwa macho ya yule anayeuza.

Majina ya kusoma kwa makini

Haya ndiyo majina utakutana nayo, na vile ya kuyaelewa kwa haraka:

Duvet au duvet insert: ile nyeupe iliyojazwa. Bila mfuko wake itachafuka haraka na kuiosha ni shida.

Duvet cover: mfuko peke yake. Hakuna joto hapa. Ukiona "duvet cover set", mara nyingi maanake ni mfuko pamoja na foronya, na bado hakuna cha kujifunika ndani. Hii ndiyo imekulia watu wengi doh.

Comforter: hii ndiyo duvet ya Kenya. Ukitaka kile umezoea, andika neno hili unapotafuta kwa maduka ya Marekani.

Quilt: kifuniko chembamba cha tabaka tatu zilizoshonwa pamoja. Lakini chunga, kwa Uingereza watu wengine, hasa wazee, wanaiita duvet "quilt". Zamani walisema "continental quilt" kwa sababu ilitoka bara Ulaya.

Doona: ni duvet kwa Kiingereza cha Australia. Lilianza kama jina la biashara likageuka jina la kila kitu cha aina hiyo, vile sisi tulifanya na majina mengine mengi.

Bedspread au bedcover: kitambaa cha juu cha kupendezesha kitanda. Ukilala nacho peke yake Julai ukiwa Limuru, shauri yako.

Throw: kile kitambaa kidogo cha kutupwa miguuni pa kitanda au kwa kochi. Kwa picha kinaonekana kikubwa. Si kikubwa.

Na Kiswahili je?

Kiswahili kina maneno yake ya kitandani na ni matamu: shuka, foronya, mto, godoro, blanketi, chandarua. Vyote kwa jumla ni matandiko, kutoka kwa kutandika. Makamusi pia yana neno mfarishi, yaani kitambaa kilichotiwa pamba au sufi ndani. Ukiangalia vizuri, mfarishi ndiye binamu wa karibu kabisa wa duvet. Neno lipo, ila mtaani hulisikii. Ukienda sokoni uulize mfarishi ni pesa ngapi, muuzaji atakuangalia mara mbili.

Kwa mazungumzo watu husema duvet hii, duvet hizi, kama vile nguo hii na nguo hizi. Blanketi nayo kwa Kiswahili sanifu ni blanketi hili, mablanketi haya, ingawa mtaani utasikia "blanketi hii" kila siku na hakuna mtu atakushtaki.

Duvei ama duveti?

Hapa watu wamechekwa sana bila sababu. Kwa Kifaransa ile "t" ya mwisho haitamkwi, na Kiingereza kikaifuata hivyo hivyo. Ni kama "buffet" na "ballet". Kwa hivyo kwa Kiingereza utasema "duvei". Mwingereza anakazia mwanzo, DUvei. Mmarekani anakazia mwisho, duVEI. Zote ni sawa.

Lakini ukisikia mama wa soko akisema duveti, nyamaza na kicheko chako. Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti. Ndiyo maana "blanket" ikawa blanketi, na "ticket" ikawa tiketi. Duveti imefuata njia ile ile. Yeye anaongea Kiswahili, na kwa Kiswahili amepatia.

Ukiwa kwa mahojiano ya kazi ya hoteli au unahudumia mgeni kutoka nje, tumia duvei. Ukiwa sokoni, tumia ile itakupatia bei nzuri. Mara nyingi ni ile ya pili.

Vile linatumika kwa sentensi

Tuguse Kiingereza kidogo kwa sababu makosa mengine yanaonekana kwa barua na matangazo ya kazi.

Kwanza, duvet inahesabika: a duvet, two duvets. Lakini "bedding" haihesabiki. Kenya tumezoea kuandika "beddings", hata kwa orodha za wanafunzi wanaoenda shule ya bweni utaiona. Kwa Kiingereza sanifu ni "bedding" tu, haijalishi una shuka moja au duka nzima. Kama unaandikia mteja wa ng'ambo, toa hiyo "s".

Pili, kuna "duvet day". Huu ni msemo uliopata umaarufu Uingereza miaka ya 1990. Ni siku ambayo mfanyakazi anaruhusiwa kukaa nyumbani hata kama si mgonjwa, kwa sababu tu amechoka na hajisikii kutoka chini ya duvet. Kampuni zingine huko huweka siku chache za aina hiyo kwa mwaka kama sehemu ya mkataba.

Sasa kabla umtumie bosi meseji Jumatatu asubuhi ukimwambia uko na duvet day, tulia. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi. Pia ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo, inakupa likizo ya ugonjwa ya angalau siku 7 za malipo kamili na siku 7 za nusu malipo kwa mwaka, ukiwa na barua ya daktari. Duvet day haimo. Kama haiko kwa mkataba wako, hiyo ni kutoroka kazi kwa jina tamu.

Saizi: hapa ndipo ndoa huingia baridi

Kenya tunapima kitanda kwa futi: 3 kwa 6, 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6. Ukiuliza duvet unatajiwa namba hizo hizo, na hiyo inamaanisha duvet ya kitanda cha saizi hiyo. Lakini si kila muuzaji anakata kitambaa kwa ukarimu. Futi 6 ni kama sentimita 183. Kama duvet ina upana huo kamili, na kitanda kina upana huo, na mko wawili, ujue usiku wa manane kuna mtu atakuwa nje. Hakuna ya kuning'inia kando, na mmoja akigeuka anaenda nayo yote.

Kwa hivyo uliza sentimita. Kifuniko kizuri kinafaa kuzidi upana wa godoro kila upande. Kama muuzaji hana kipimo, mwambie aitandaze, upime na mkono wako.

Ukinunua ya kutoka nje, majina ya saizi ni mtego mwingine. "King" ya Uingereza ni kitanda cha sentimita 150 kwa 200, yaani kama 5 kwa 6 yetu ikiwa imeongezwa urefu kidogo. "King" ya Marekani ni sentimita 193 kwa 203, kubwa kushinda hata 6 kwa 6 yetu. Neno moja, vitanda viwili tofauti kabisa. "Queen" ya Marekani nayo ina upana wa futi 5. Duvet ya "double" ya Uingereza huwa sentimita 200 kwa 200, na ile ya "single" huwa 135 kwa 200. Shika hizo namba, sahau majina.

Joto: namba ndogo iliyoandikwa tog

Kwa duvet za Uingereza, zikiwemo zile za mtumba, utaona namba na neno "tog". Hicho ni kipimo cha joto. Namba ikiwa juu, duvet inashika joto zaidi. Kama 4.5 ni ya msimu wa joto wa Ulaya, 12 mpaka 13.5 ni ya baridi kali ya huko.

Uzito mkononi hauwezi kukuambia joto. Ya manyoya ya bata inaweza kuwa nyepesi kama karatasi na ikakutoa jasho, na ya poliesta inaweza kuwa nzito na ikakuacha ukitetemeka. Kwa hivyo fikiria unalala wapi. Mtu wa Kinangop, Nyahururu au Limuru akipata 10.5 ama 13.5 atashukuru Mungu. Mtu wa Mombasa, Garissa ama Lodwar akinunua hiyo, atakuwa amenunua mapambo. Kwako wewe shuka inatosha, na kama unapenda ule muonekano wa hoteli, tafuta 4.5 ama mfuko mtupu wa pamba.

Ulishanunua mfuko? Usitupe

Kama umeshaingia kwa mtego wa duvet cover, si mwisho wa dunia. Uko na njia tatu.

Moja, tafuta ya kujazia. Hata blanketi yako ya zamani iliyochakaa lakini ina joto inaweza kuingia humo. Kuivisha ni rahisi: geuza mfuko ndani nje, ingiza mikono mpaka kwa pembe mbili za mwisho, shika pembe mbili za blanketi ukiwa umezishikilia kupitia kwa mfuko, halafu kung'uta mfuko uteremke juu yake. Funga zipu. Mifuko mingine huwa na kamba ndogo kwa pembe za ndani, zifunge ili blanketi isijikunje chini usiku.

Mbili, mpelekee fundi. Mfuko una pande mbili, kwa hivyo akifumua mishono na kukunja kingo unapata shuka mbili. Ya 200 kwa 200 itatosha kitanda cha 5 kwa 6 na kubaki ya kuchomeka. Kwa kitanda cha 6 kwa 6 itabana sana, labda uwe ulinunua ya king.

Tatu, kama tangazo lilisema wazi ni duvet kamili na ukaletewa mfuko, hapo ni mambo mengine. Katiba ya Kenya, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa bora na habari za kutosha kuhusu kile ananunua, na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inakataza muuzaji kudanganya kuhusu mali yake. Ndiyo maana unafaa kupiga picha ya tangazo kabla ya kulipa. Tangazo likifutwa, wewe bado uko na ushahidi.

Kuosha bila kuua mama fua

Sababu kubwa ya Wazungu kutenganisha duvet na mfuko ni kuosha. Wao wanaosha mfuko kila wiki ama mbili, ile ya ndani inaoshwa mara chache kwa mwaka. Yetu ni kitu kimoja, kwa hivyo kila doa la chai linamaanisha duvet nzima inaingia kwa karai. Ikishanyonya maji inakuwa nzito kama mtu mzima, na mama fua anaipigania na mikono miwili.

Kama unaosha kwa mkono, tumia karai kubwa, sabuni kidogo, na ikanyage na miguu safi badala ya kuipinda. Ukiipinda sana mishono inakatika na nyuzi za ndani zinakimbilia kona moja. Hapo ndipo unapata duvet yenye mlima upande mmoja na shuka upande mwingine.

Kukausha ndiyo mtihani. Juu ikikauka usidanganyike. Bonyeza katikati, kama bado kuna ubaridi, irudishe kwa kamba. Ikikunjwa na unyevu ndani itaota ukungu na kunuka, na ile harufu haitoki na manukato. Julai Nairobi inaweza kuchukua siku mbili au zaidi, kwa hivyo anza asubuhi mapema siku ya jua, uigeuze kila baada ya masaa machache.

Ujanja wa bure: nunua mfuko wa mtumba uivishe hiyo duvet yako ya maua. Kuanzia hapo unaosha mfuko tu. Mama fua atakuombea.

Mtoto mchanga na duvet: hii usicheze nayo

Zawadi maarufu kwa mtoto akizaliwa ni kiduvet kidogo chenye wanyama. Ni kizuri, lakini wataalamu wa afya Uingereza na Marekani wanaonya vikali kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilale na duvet wala mto. Kitu laini na chepesi kinaweza kumfunika uso na hana nguvu ya kukitoa, ama kikamletea joto kupita kiasi. Mlaze chali, kwa godoro lililo imara, na kifuniko chepesi kilichochomekwa vizuri kisichopita mabega. Kile kiduvet kiweke, atakitumia akikua.

Kabla utume pesa, uliza haya

Ukiwa karibu kubonyeza M-Pesa, mwandikie muuzaji maswali haya kwa inboksi, na ungoje majibu yakiwa yameandikwa:

Hii imejazwa ama ni mfuko tu? Ndani kuna nini? Urefu na upana ni sentimita ngapi? Seti ina vitu vingapi, na ni vipi? Shuka ni moja ama mbili, na ni ya saizi gani? Uzito wa pasel ni kilo ngapi?

Hilo la mwisho ndilo linafichua mengi. Mfuko mtupu ni mwepesi na unakunjika kama shati kadhaa. Duvet ya mtu mzima iliyojazwa inajaza begi. Ukiambiwa "duvet 6 kwa 6" inakuja kwa pasel ya ukubwa wa kitabu, wewe tayari unajua ni nini kiko ndani.

Na kama muuzaji anajibu kila swali na "usijali dia, ni kali sana", weka simu chini. Baridi ya usiku mmoja zaidi haitakuua, na duvet ziko tele.